Nyaraka za Serikali katika Maktaba ya Utafiti: Mifano ya Iringa na Mbeya

Mwaka 1982 ilikamilika kazi kubwa ya kuchunguza maji ya Nyanda za Juu Kusini. Matokeo yake, yaliyoitwa Mpango Mkuu wa Maji wa Mikoa ya Iringa, Ruvuma na Mbeya, yalitolewa kwa Kiingereza katika majuzuu mengi yenye habari za mvua, mito, maji yaliyomo chini ya ardhi na mahitaji ya vijiji. Fedha zilitolewa na shirika la maendeleo la Denmark, DANIDA. Upimaji ulifanywa na muungano wa makampuni ya uhandisi ya nchi hiyo, uliojulikana kwa kifupi kama CCKK. Uchunguzi wa hali ya jamii ulifanywa na watafiti wa Dar es Salaam wakishirikiana na wenzao wa Copenhagen. Mwenye mpango wenyewe, hata hivyo, alikuwa Serikali ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Majuzuu hayo yanapofika mezani kwa mkutubi, maswali mawili huzuka mara moja. Mwandishi wake ni nani? Na yawekwe rafu gani? Maswali haya yanaonekana madogo, lakini majibu yake ndiyo yatakayoamua kama mpango huo utasomwa au hautasomwa. Mwanafunzi wa Mbozi atakayetafuta chini ya jina “Songwe” hatapata kitu, kwa kuwa Mkoa wa Songwe uliundwa mwaka 2016. Mwenzake wa Makete atakayetafuta chini ya “Mkoa wa Njombe” atatoka mikono mitupu vilevile, kwani mkoa huo ulianza mwaka 2012. Habari za maji ya wilaya zote mbili zimo ndani ya majuzuu yaleyale, hatua chache kutoka pale waliposimama. Kitabu kisichoweza kupatikana kina hasara ileile ya kitabu kilichoungua, na tena kinaendelea kuchukua nafasi kwenye rafu. Kwa nyaraka za serikali hasara hiyo ina bei: kilichopimwa na kuandikwa, kikapotea ndani ya maktaba, hupimwa upya kwa fedha nyingine za wananchi.

Nyaraka zilizochapishwa na majalada

Kwanza yafaa kutofautisha mambo mawili ambayo wanafunzi wengi huyachanganya. Kuna majalada ya ofisi, na kuna nyaraka zilizochapishwa.

Jalada huzaliwa katika masjala. Barua inapokelewa, inapewa namba ya ukurasa, inatiwa katika jalada la jambo lake, na majibu yake yanafuata nyuma yake. Jalada la namna hiyo ni moja tu duniani. Linapomaliza kazi yake ofisini halipelekwi maktaba; hupelekwa kwenye hifadhi ya nyaraka, na katika Tanzania jambo hilo linaongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya mwaka 2002. Kanuni kuu ya hifadhi ni ile iliyotolewa kwa waraka wa serikali ya Ufaransa mwaka 1841, kwamba karatasi za ofisi moja zikae pamoja wala zisichanganywe na za ofisi nyingine, hata kama zinazungumza jambo moja. Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Barua ya bwana shamba ikiondolewa katika jalada lake na kuwekwa pamoja na “habari za mahindi”, hakuna atakayejua tena iliandikwa kumjibu nani.

Waraka uliochapishwa ni kitu kingine. Una nakala nyingi, una jina, aghalabu una tarehe na namba. Ripoti ya mwaka ya idara, taarifa ya tume, hotuba ya bajeti, majadiliano ya Bunge, sensa, Gazeti la Serikali, ramani: hivi vyote ni vitu vya maktaba. Lakini ingawa vinafanana na vitabu kwa sura, havina tabia za vitabu. Riwaya ina mwandishi mmoja, na mwandishi huyo habadilishi jina kila baada ya miaka minne. Wizara hubadilisha.

Mwandishi asiye mtu

Sheria za kuorodhesha vitabu zinazofuatwa katika maktaba nyingi zilizotumia Kiingereza hutambua kwamba chombo, kama vile wizara, tume au shirika, kinaweza kusimama katika katalogi mahali pa mwandishi. Kichwa cha ingizo huanza kwa jina la nchi, kisha hufuata jina la chombo. Hivyo ripoti ya Wizara ya Kilimo haitafutwi kwenye herufi W wala K, bali kwenye T: “Tanzania. Wizara ya Kilimo.” Mwanafunzi akishalijua jambo hili moja, nusu ya safari amekwisha kuimaliza.

Nusu ya pili ni ngumu zaidi. Nchi yenyewe imebadilisha jina. Karatasi za utawala wa Wajerumani zimo chini ya “Afrika ya Mashariki ya Kijerumani”. Za Waingereza chini ya “Tanganyika”. Na za baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 chini ya “Tanzania”. Kadhalika wizara. Shughuli za maji zimewahi kuwa idara iliyounganishwa na umwagiliaji, zikawahi kuwekwa wizara moja na nishati na madini, zikawahi kuwa pamoja na mifugo, kisha zikarudi tena kwa umwagiliaji. Mafundi waliopima mito walikuwa walewale, na pengine hata ofisi na viti vilikuwa vilevile, lakini katika katalogi kila jina lina kichwa chake.

Je, mkutubi afanyeje? Ziko njia mbili, na zote zimewahi kutumika. Ya kwanza ni kuzikusanya ripoti zote chini ya jina la mwisho, na kufuta majina ya zamani. Inapendeza kwa unadhifu wake, lakini inasema uongo: inamwonyesha msomaji ripoti ya mwaka 1965 kana kwamba ilitolewa na wizara ambayo haikuwapo. Ya pili, ambayo ndiyo iliyothibitishwa katika sheria za kuorodhesha za mwaka 1978, ni kuacha kila ripoti chini ya jina lililokuwapo ilipotolewa, kisha kuyafunga majina hayo kwa rejea za “tazama pia”. Njia hii ni bora, kwa sharti moja: rejea hizo ziandikwe kweli. Katalogi yenye vichwa sahihi isiyo na rejea ni kama mji wenye nyumba nzuri usio na njia.

Majina ya mahali yana matatizo yaleyale, na Nyanda za Juu Kusini ni shule nzuri ya kujifunzia. Wakati wa Waingereza sehemu kubwa ya nchi hii ilikuwa jimbo moja, Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, makao yake makuu yakiwa Mbeya. Baada ya uhuru majimbo yalivunjwa na ikaundwa mikoa, Iringa na Mbeya ikiwa miongoni mwake. Mwaka 1974 Sumbawanga ilitoka Mbeya ikaingia katika mkoa mpya wa Rukwa. Njombe ikatoka Iringa mwaka 2012, na Songwe ikatoka Mbeya mwaka 2016. Ukirudi nyuma zaidi, karatasi za Wajerumani zinazohusu Rungwe haziitaji Rungwe katika vichwa vyake. Zinaitaja Langenburg, jina la kituo kilichokuwa kwanza ufukoni mwa Ziwa Nyasa kabla ya makao kuhamishiwa Langenburg Mpya, yaani Tukuyu ya leo.

Kwa hiyo katika katalogi iliyofanywa kwa uangalifu msomaji anayetafuta Songwe atakutana na maneno ya namna hii:

Songwe (Mkoa). Kwa nyaraka za kabla ya 2016, tazama pia: Mbeya (Mkoa). Kwa nyaraka za wakati wa utawala wa Kiingereza, tazama pia: Jimbo la Nyanda za Juu Kusini.

Ni mistari michache tu. Kuiandika hutaka mtu anayeijua historia ya utawala wa mahali, na hapa ndipo mkutubi wa Iringa au Mbeya anapomzidi mkutubi wa ng’ambo mwenye vifaa vyote. Wa ng’ambo hawezi kujua kwamba “Usangu” katika ripoti za zamani ni nchi ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika Wilaya ya Mbarali, na kwamba Mbarali yenyewe zamani ilikuwa ndani ya wilaya ya Mbeya.

Namba ya rafu

Maktaba za umma za Tanzania, zilizo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, zikiwamo za mikoa ya Iringa na Mbeya, hutumia uainishaji wa desimali uliobuniwa na Mmarekani Melvil Dewey na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1876. Ujuzi wote umegawanywa katika mafungu kumi, kila fungu katika kumi mengine, na kuendelea. Mpango Mkuu wa Maji ungeweza kupewa namba 628.109678. Tarakimu hizo zina maana: 600 ni teknolojia, 620 ni uhandisi, 628 ni uhandisi unaohusu afya na usafi wa mazingira, 628.1 ni ugavi wa maji, 09 inaonyesha kwamba jambo linatazamwa kwa mahali fulani, na 678 ni Tanzania. Kwa kitabu kimoja mpango huu hautoi sababu ya lawama. Msomaji atakikuta kimesimama karibu na vitabu vingine vya maji.

Lakini nyaraka za serikali hazitembei moja moja. Hutembea kwa misururu. Ripoti za mwaka za idara moja zikiainishwa kila moja kwa jambo lake, ya mwaka uliozungumzia zaidi visima itakwenda huku, ya mwaka uliozungumzia mito itakwenda kule, na msururu utavunjika. Mtafiti ahitajiye miaka ishirini mfululizo atatembea maktaba nzima.

Tatizo hili liliwakabili Wamarekani mapema. Mwaka 1895 ofisi ya serikali yao iliyosimamia nyaraka ilimwajiri mkutubi kijana, Adelaide Hasse, aliyekwisha kuanza kuzipanga nyaraka hizo kwa njia yake mwenyewe katika maktaba ya umma ya Los Angeles. Wazo lake lilikuwa kuacha jambo linalozungumzwa na kufuata chombo kilichotoa. Machapisho ya Wizara ya Kilimo huanza kwa herufi A, ya Wizara ya Mambo ya Ndani huanza kwa I. Kisha hufuata namba ya idara, halafu namba ya msururu. Idara ya jiolojia, iliyo chini ya Mambo ya Ndani, ni I 19. Kila ripoti mpya inajua ndugu zake walipo.

Dosari ya njia hii haihitaji kuelezwa kirefu kwa msomaji aliyekwisha kuona habari za wizara za maji. Idara ya hali ya hewa ya Marekani ilipohamishwa mwaka 1940 kutoka Wizara ya Kilimo kwenda Wizara ya Biashara, namba zake ziligeuka kutoka A 29 kuwa C 30, na msururu ukakatika katikati. Mawaziri wa nchi zote wana mkono katika kazi ya wakutubi bila wao kujua.

Kwa maktaba ya utafiti yenye ukubwa wa kadiri, kama zile za vyuo vya Iringa na Mbeya au ya kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, njia inayofaa zaidi ni kuigawa kazi. Rafu ifuate chombo na msururu, ili ripoti zilizozaliwa pamoja zikae pamoja, na idara iliyohamishwa wizara iendelee na nafasi yake ileile. Katalogi ifuate jambo na mahali, ili msomaji asiyejua chombo aweze kufika. Rafu ina nafasi moja tu kwa kila kitabu. Kadi, au ingizo katika kompyuta, linaweza kurudiwa mara kumi bila gharama ya maana. Majuzuu ya mwaka 1982 yatakaa mahali pamoja, lakini yatakuwa na maingizo chini ya Tanzania, chini ya DANIDA, chini ya CCKK, chini ya maji, na chini ya kila mkoa, wa zamani na wa sasa.

Gazeti la Serikali

Katika nyaraka zote hakuna inayodharauliwa kwa sura yake na kuhitajiwa kwa ghafla kama Gazeti la Serikali. Halina picha, wala hakuna alisomaye kwa starehe. Lakini sheria ndogo, mipaka ya wilaya na mipaka ya hifadhi za wanyama hupata nguvu kwa kutangazwa humo.

Mtafiti anapaswa kujua umbile lake. Gazeti lenyewe lina matangazo ya kawaida, yenye mfululizo wake wa namba. Pamoja nalo hutoka nyongeza: moja ya miswada, nyingine ya sheria zilizopitishwa, na nyingine ya sheria ndogo. Yale yaitwayo Matangazo ya Serikali, ambayo watu huyataja kwa herufi za Kiingereza GN, yamo katika nyongeza ya sheria ndogo, na namba zake huanza upya kila Januari. Kwa sababu hiyo namba bila mwaka haina maana. Na maktaba inayojalidi Gazeti ikaziacha nyongeza kando, eti ni vipeperushi, imehifadhi ganda na kutupa kiini.

Uzito wa jambo hili unaonekana Mbarali. Mwaka 1998 lilitangazwa Pori la Akiba la Usangu. Kisha, kwa Tangazo la Serikali Na. 28 la mwaka 2008, eneo hilo liliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na mpaka mpya ulielezwa katika jedwali la tangazo. Vijiji kadhaa vilijikuta ndani ya mpaka huo au ukingoni mwake, na mgogoro uliozuka ulidumu zaidi ya miaka kumi, hata mwaka 2023 mipaka ikarekebishwa kwa tangazo jingine. Katika muda wote huo, mkulima wa mpunga, mfugaji, askari wa wanyamapori na mbunge walitaja namba ileile, 28 ya 2008. Kuitaja ni rahisi. Kuisoma ni jambo jingine: msomaji anahitaji tangazo lenyewe, jedwali lake, tangazo lililotangulia ili alinganishe, na ramani ya kipimo kinachofaa. Nyaraka nne, za ofisi tofauti na miaka tofauti, na mara nyingi ziko katika vyumba vinne tofauti. Ingizo moja katika katalogi chini ya “Usangu – Mipaka”, lenye kuzitaja zote nne, lingempa mwenyekiti wa kijiji uwezo wa kuingia mkutanoni akiwa na karatasi ileile aliyo nayo mwanasheria wa serikali.

Leo sheria na magazeti mengi ya serikali yanapatikana kwa kompyuta, hasa katika mtandao wa TanzLII. Huo ni msaada mkubwa kwa walio mbali na Dar es Salaam na Dodoma. Hata hivyo picha ya karatasi iliyotiwa katika kompyuta bila kichwa, namba na mwaka haipatikani kwa wepesi kuliko karatasi yenyewe iliyosahauliwa kabatini.

Habari zilizofichwa ndani ya nyaraka nyingine

Nyaraka nyingi muhimu kuhusu Iringa hazina neno “Iringa” kwenye jalada. Mfano ulio maarufu kuliko yote ni Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliofunga Vita Kuu ya Kwanza. Kifungu chake cha 246 kinaitaka Ujerumani iikabidhi Serikali ya Uingereza fuvu la Mtwa Mkwawa. Katika kifungu hichohicho Ujerumani iliagizwa irudishe kwa Mfalme wa Hejaz msahafu wa Khalifa Uthman uliochukuliwa Madina. Fuvu halikurudi kwa miezi sita iliyotajwa. Lilirudi mwaka 1954, baada ya Gavana Edward Twining kulitafuta katika jumba la makumbusho la Bremen, na likakabidhiwa Kalenga, karibu na mji wa Iringa, tarehe 19 Juni mwaka huo.

Mkutubi akiuorodhesha mkataba huo kwa jina lake tu, utakaa pamoja na mikataba ya Ulaya, na mwanafunzi wa Kalenga hatakuwa na sababu ya kuufungua. Ndiyo maana kuna kazi iitwayo kuorodhesha kwa kuchambua, yaani kutengeneza ingizo kwa ajili ya sehemu ya kitabu badala ya kitabu kizima: “Mkwawa – Fuvu. Angalia Mkataba wa Versailles, kifungu 246.” Ripoti za mwaka za Makamishna wa Majimbo wa Tanganyika zinahitaji kazi hiyohiyo. Zilichapishwa kwa nchi nzima katika kitabu kimoja, na Jimbo la Nyanda za Juu Kusini ni sura mojawapo tu, yenye habari za mavuno, barabara, shule na kazi za machimbo ya dhahabu ya Lupa. Kwa mwalimu wa historia wa Mbeya sura hizo zikiunganishwa mwaka kwa mwaka ni kitabu kamili ambacho hakuna mtu aliyekusudia kukiandika.

Kazi ya kuchambua ni ya taratibu na haina sifa. Inawezekana kabisa kuifanya na wanafunzi, chini ya uangalizi: kila mmoja apewe ripoti moja, asome, na aandike kadi za mahali na mambo yaliyomo. Watakachojifunza kuhusu mkoa wao kitazidi kile walichotumwa kukifanya.

Ripoti zisizopita kwa Mpigachapa wa Serikali

Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba Na. 6 ya mwaka 1975 inataka nakala za machapisho ya nchini zipelekwe maktaba ya taifa. Machapisho yaliyotoka kwa Mpigachapa wa Serikali yana njia inayojulikana. Tabu ipo kwenye ripoti zilizopigwa taipu na kurudufiwa kwa stensili katika ofisi za miradi, nakala thelathini au hamsini, bila jina la mchapishaji. Nyingi za miaka ya 1970 na 1980, ambazo kwa utafiti wa kilimo na maji ni dhahabu, ni za aina hii. Mradi ulipofungwa, nakala ziligawanyika: moja kwa mfadhili, moja wizarani, nyingine kabatini mwa ofisa aliyehamishwa.

Mara nyingine zilipona kwa njia isiyotarajiwa. Maktaba ya Bunge la Marekani ilifungua ofisi Nairobi mwaka 1966, na tangu hapo imekuwa ikikusanya machapisho ya nchi za Afrika Mashariki, ya serikali yakiwamo, na kuyaorodhesha. Ndiyo kusema kwamba ripoti kuhusu Mufindi inaweza kuwa na ingizo safi kabisa huko Washington wakati nakala iliyopo nchini haijaandikwa popote. Si jambo la kuwalaumu waliokusanya. Hata hivyo mkutubi wa huku anaweza kuitumia orodha yao kama kipimo, aangalie ni zipi anazo, ni zipi hana, na ni zipi anazo bila kujua.

Na hata karatasi iliyoorodheshwa vizuri ina maadui. Karatasi ya bei nafuu ina asidi inayoifanya iwe ya manjano na kuvunjika kama jani kavu. Pini na vibanio vya chuma hupata kutu. Tukuyu, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, adui wa kwanza ni ukungu. Katika mji wa Iringa, ulio mkavu zaidi, ni vumbi na wadudu. Vijitabu vyembamba visisimamishwe peke yake kwenye rafu, kwa maana hupinda. Viwekwe wima ndani ya masanduku ya karatasi ngumu, mbali na ukuta, rafu ya chini ikiwa imeinuliwa kutoka sakafuni. Ramani zilazwe, zisikunjwe.

Mto Ruaha Mkuu

Faida ya uangalifu wote huu inaweza kuonekana katika mto mmoja. Ruaha Mkuu hutoka katika bonde la Usangu, hupita bwawa asilia la Ihefu, hukata Hifadhi ya Ruaha, kisha hulisha mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Zamani ulitiririka mwaka mzima. Mwaka 1993, katika majira ya kiangazi, ulikauka ndani ya hifadhi, na tangu hapo ukawa unakauka kila kiangazi. Lawama zilitolewa kila upande: wengine walisema ni ng’ombe, wengine walisema ni ukataji wa miti, wengine ni mashamba ya mpunga.

Hoja za namna hiyo haziamuliwi kwa sauti. Kuanzia mwaka 1998 hadi 2001 mradi wa SMUWC, uliohusu ardhi oevu ya Usangu na vyanzo vyake, ulichunguza jambo hilo na kuona kwamba sababu kubwa ni maji yanayochepushwa wakati wa kiangazi kwenda kwenye mifereji ya umwagiliaji, na si mifugo. Uamuzi huo ulitegemea ulinganisho wa mto wa sasa na mto wa zamani, na mto wa zamani haupo tena mahali popote isipokuwa katika karatasi: vipimo vya kituo cha Msembe, ndani ya hifadhi, vilivyoanza kuchukuliwa katika miaka ya 1960, ripoti ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kwa Serikali ya Tanganyika kuhusu bonde la Rufiji, ya mwaka 1961, na majuzuu ya Mpango Mkuu wa mwaka 1982. Ripoti ile ya 1961 katika katalogi nyingine imo chini ya shirika lililoiandika, katika nyingine chini ya serikali iliyoandikiwa. Anayeitafuta Iringa, ambako Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ina makao yake, aulize chini ya majina yote mawili kabla ya kuambiwa kwamba haipo.